Safari ya Kukitafuta Kicheko cha Waingereza

Ndugu msomaji, ukishuka katika stesheni ya White City, magharibi ya jiji la London, ukavuka barabara ya Wood Lane, utajikuta umesimama mbele ya jengo kubwa la mviringo. Inasimuliwa kwamba msanifu wake, Graham Dawbarn, alipopewa kazi ya kulibuni alikosa la kufanya, akachora alama ya kuuliza juu ya bahasha, kisha akaitazama ile alama na kuona kuwa ndiyo ramani aliyokuwa akiitafuta. Jengo hilo, Television Centre, lilifunguliwa tarehe 29 Juni, 1960, na kwa zaidi ya miaka 50 ndilo lililokuwa jiko la televisheni la Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC. Leo ukiingia uani utamkuta Helios, mungu wa jua wa Wayunani wa kale, angali amesimama juu ya nguzo yake ndefu. Lakini chini yake watu wanakunywa kahawa na kutembeza mbwa. BBC ililiuza jengo mwaka 2012, ikahama mwaka 2013. Sehemu kubwa imegeuzwa nyumba za kuishi, hoteli na migahawa, na studio chache tu ndizo zilizoachwa ziendelee na kazi yake ya asili.

Mlinzi mmoja aliniona nikizunguka, akaniuliza kwa adabu kama nimempoteza mtu. Nilimjibu kwamba natafuta vichekesho. Alinitazama kwa huruma, akanielekeza kwenye mgahawa.

Lakini nilisema kweli. Nilikuwa London kwa mafunzo ya majuma sita, na nilikuwa nimejiwekea kazi yangu binafsi ya siku za mapumziko. Wewe uliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam utanielewa. Nikiwa mtoto wa shule, basi letu lilikuwa na televisheni ndogo juu ya kichwa cha dereva, na katika televisheni hiyo kulikuwa na Mwingereza mmoja mwenye koti la kahawia, asiyesema neno, aliyepanda juu ya ubao mrefu wa kurukia majini katika bwawa la kuogelea, akaogopa kuruka, akaona haya kushuka. Basi zima lilicheka. Alicheka mzee aliyekuwa hajui neno moja la Kiingereza, na akacheka utingo aliyekwisha kuutazama mkanda ule pengine mara mia. Yule alikuwa Rowan Atkinson katika mchezo wa Mr. Bean, ulioanza kuonyeshwa tarehe 1 Januari, 1990. Nilipokua nikasikia kwamba kabla yake walikuwapo mabingwa wengine, ambao katika miaka ya 1960 na 1970 waliwafanya Waingereza wakae nyumbani usiku: watu wa vichekesho vifupi, kila kimoja dakika tatu au tano, kisha kingine. Bara kwetu wakati ule televisheni haikuwapo. Kituo cha kwanza kilianza mwaka 1994. Kwa hiyo kicheko hicho kilitupita. Nilitaka kujua, je, kingali hai? Au ni kama mchuzi wa juzi, ambao harufu yake hupendwa na aliyeupika peke yake?

Mwenyeji wangu alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekwenda Uingereza mwaka 1969 kusomea uuguzi na hakurudi ila kwa likizo na misiba. Sasa ni mstaafu. Anaishi katika ghorofa ya tatu ya jengo la manispaa, kusini ya mto Thames, pamoja na mjukuu wake wa miaka 16, mtoto wa binti yake, anayeniita mjomba kwa Kiswahili cha kusikia jikoni. Mpango ulikuwa hivi: mchana mimi nitembelee mahali vilipopigiwa picha vichekesho hivyo, jioni sisi watatu tuvitazame katika kompyuta ya kijana. Shangazi aliviona vikiwa vipya. Mimi nilivisikia kwa sifa. Kijana alikuwa hajui lolote, naye hana adabu ya kucheka ili kumfurahisha mgeni.

Kutoka White City nilikwenda kwa miguu hadi Thorpebank Road, katika mtaa wa Shepherd's Bush. Ni njia ya kawaida kabisa yenye nyumba za matofali zilizoshikana bega kwa bega. Hapo ndipo John Cleese, mtu mrefu kama mnazi, alipotoka dukani na gazeti lake, akiwa na kofia nyeusi ya duara na mkoba wa ofisini, akaanza kutembea huku akirusha miguu hewani kama panzi aliyelewa. Kichekesho hicho kilionyeshwa Septemba 1970 katika mfululizo wa Monty Python's Flying Circus, ulioanza Oktoba 1969 na kumalizika Desemba 1974, jumla ya vipindi 45. Nilitazama huku na huku, nikajaribu hatua mbili. Mama mmoja aliyekuwa akifuta dirisha hakushtuka hata kidogo. Nadhani amekwisha kuwazoea wendawazimu wa namna yangu.

Nakuomba usidhani kwamba kichekesho kile ni miguu tu. Bwana yule anawasili ofisini, na ofisi yake ni Wizara ya Miendo ya Kipuuzi. Anamkuta mwananchi akisubiri, amekuja kuomba fedha za serikali ili akuze mwendo wake, ambao bado ni dhaifu. Ofisa anaueleza upungufu wa fungu lake kwa uchungu: ati kuna ulinzi, afya, nyumba, elimu na miendo ya kipuuzi, zote zilistahili kupata sawa, lakini mwaka uliopita wizara yake ilipewa pungufu kuliko ulinzi! Mtu yeyote aliyewahi kukalia benchi la ofisi akiwa na faili mkononi, akasikilizwa kwa makini na mtu mwenye tai juu ya jambo lisilo na maana yoyote, hahitaji kufasiriwa.

Jioni hiyo kijana alicheka alipoiona miguu, akanyamaza yalipoanza maneno. Mimi nilicheka maneno. Shangazi hakucheka popote.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nimewafundisha watu kutembea baada ya kuvunjika nyonga. Tena wale vijana walitoka Oxford na Cambridge, walikuwa wakichekeshana wenyewe kwa wenyewe."

Ni kweli kwamba kati ya wale sita, watano walitoka katika vyuo vikuu hivyo viwili, na wa sita alikuwa Mmarekani. Na ukivitazama vipindi hivyo leo, kwa saa nzima, utaona jambo ambalo wakati ule halikumshangaza mtu: mwanamke humo aghalabu ni mwanaume aliyevaa gauni na kupiga kelele kwa sauti nyembamba, au ni Carol Cleveland, aliyepewa kusimama akiwa mzuri. Nilihesabu vichekesho sita mfululizo katika kipindi kimoja. Viwili vilikuwa dhahabu, kimoja kilikuwa cha wastani, na vitatu vilikuwa vumbi tupu. Watu hukumbuka dhahabu, wakasahau kwamba waliisubiri.

Tukatazama kile cha duka la vyuma, cha mwaka 1976, cha The Two Ronnies. Mwenye duka ni Ronnie Corbett, mfupi. Mteja ni Ronnie Barker, mnene, mwenye matamshi ya mtu wa kazi za mikono asiyeitamka herufi h. Mteja anaagiza mipini ya uma wa kulimia. Mwenye duka anamletea mishumaa minne, kwa kuwa katika kinywa kile maneno hayo mawili ya Kiingereza yanalia sawasawa. Anaagiza kitu kingine: analetewa jembe, akakataa, analetewa mpira wa kumwagilia maji, akakataa, analetewa soksi ndefu za kike, akakataa, kumbe anataka herufi O ya kubandika kwenye lango la nyumba. Fikiri mtu anakwenda dukani kwetu Tanga akasema, "Nipe kaa," mwenye duka akamletea kaa wa baharini, kumbe anataka la kuwashia jiko. Basi, ni hivyo, kwa dakika kadhaa, na mwenye duka anazidi kupanda na kushuka ngazi hadi anavunjika moyo.

Kichekesho hicho alikiandika Barker mwenyewe, ambaye alikuwa na desturi ya kuwapelekea watayarishaji kazi zake kwa jina la bandia, Gerald Wiley, ili wazipime bila kumwonea haya. Alipofariki mwaka 2005, ikafanywa ibada ya kumkumbuka katika kanisa la Westminster Abbey mwaka uliofuata, na mahali ambapo desturi ilitaka mishumaa miwili itangulie, ilitangulia minne. Sijui taifa jingine ambalo lingethubutu. Sisi watatu tulicheka sote, ingawa kijana alilazimika kuelezwa uma wa kulimia ni kitu gani.

Lakini aliyemfanya shangazi ashike ubavu ni Eric Morecambe. Kile cha usiku wa Krismasi wa mwaka 1971: Andre Previn, kiongozi wa okestra mwenye sifa ya dunia nzima, amealikwa kuongoza tamasha la piano la Grieg, naye mpiga piano ni Morecambe, ambaye anapiga vitu visivyojulikana. Previn anapolalamika, Morecambe anasimama, anamshika kwa ukosi wa koti, anamweleza kwa upole wa kutisha kwamba noti zote anazopiga ni zile zile zinazotakiwa, ila tu huenda hazikufuata mpangilio. Shangazi alikuwa zamu wodini usiku ule. Televisheni ilikuwa imewekwa juu ya meza ya magurudumu katikati ya vitanda. Mgonjwa mmoja aliyefanyiwa operesheni ya tumbo juzi yake alimwita kwa machozi, akimsihi aizime kwa kuwa nyuzi zinamuuma. Alipoinua mkono kuizima, mgonjwa yule yule akampigia kelele aiache. Amelisimulia jambo hilo, kwa kadiri ninavyokumbuka, katika kila likizo aliyokuja nyumbani, na sisi hatukuwa tukijua anasema juu ya nini.

Nilimwuliza: je, kila kitu cha zama zile kilikuwa kitamu hivyo?

Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia habari ya Jumamosi. Katika bweni la wauguzi palikuwa na sebule moja na televisheni moja, na Jumamosi jioni wasichana walijaa kutazama The Black and White Minstrel Show. Huo haukuwa mfululizo wa vichekesho vifupi hasa, bali nyimbo na ngoma zenye vichekesho katikati. Na waimbaji wanaume walikuwa Wazungu waliojipaka masizi usoni, wakajichora midomo mikubwa, wakaigiza kuwa watu weusi. BBC iliuonyesha tangu mwaka 1958 hadi 1978. Mwaka 1967 ilipelekewa waraka wa kuuomba uondolewe. Haikuuondoa kwa miaka mingine 11. Lenny Henry, ambaye leo ni mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa nchi ile na ana cheo cha Sir, alipokuwa kijana aliwekwa katika onyesho lake la jukwaani, mtu mweusi wa kweli kati ya weusi wa kupakwa, na amesema wazi kwamba alikuja kujuta.

"Nilipoona wanaanza," alisema shangazi, "nilikuwa nasimama nasema, nani anataka chai? Nikaenda jikoni, nikachemsha maji taratibu mno. Nikapika chai kila Jumamosi, mwaka mzima na zaidi. Wakawa wanasema, huyu Mwafrika wetu ni mkarimu sana, anapenda kutuhudumia. Msichana mmoja tu, wa kutoka Ireland, alinifuata siku moja, akasimama karibu nami akaosha vikombe. Hakusema kitu. Nami sikusema."

Kijana alikuwa akisikiliza. Kumbe hakuwahi kuhadithiwa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Teddington, kusini-magharibi ya jiji. Kama wewe ni mtu wa pwani utapapenda mahali hapa, kwa sababu mto Thames hujaa na kupwa kama bahari tangu mdomoni mwake mpaka hapa, na hapa kwenye milango ya maji ndipo bahari inapokoma kuutawala mto. Nilikaa ukingoni nikatazama mashua zikipandishwa. Mwaka 1971 Cleese na mwenzake Michael Palin walisimama papo hapo wamevaa kama wapelelezi wa porini: Palin akacheza ngoma akimpiga Cleese mashavuni kwa visamaki viwili, kisha Cleese, bila haraka, akainua samaki mkubwa, akamkung'uta nalo dafrao Palin akaangukia majini. Palin amesimulia kwamba kati ya mazoezi na kupiga picha maji yalikuwa yameteremka, akaanguka mbali kuliko alivyotazamia. Kichekesho kizima hakifiki nusu dakika. Nilimwonyesha kijana katika simu nilipopiga naye soga jioni, akakirudia mara nne. Hakina neno, hakina kabila, hakina wakati. Ni samaki.

Pembeni ya milango hiyo zilikuwa studio za kampuni ya Thames. Zilifungwa mwaka 2014, zikabomolewa, na sasa ni nyumba za kuishi zinazotazama mto. Humo ndimo Benny Hill alimotengenezea vipindi vyake, vilivyouzwa nchi nyingi sana duniani. Kampuni iliachana naye mwaka 1989. Aliishi peke yake katika nyumba ya kupanga papo hapo Teddington, naye alifariki humo mwezi Aprili 1992, akiwa na umri wa miaka 68, akakutwa mbele ya televisheni siku kadhaa zikiwa zimepita. Niliupita mtaa wake nikaona huzuni. Hata hivyo jioni tulipomweka kwenye kompyuta, mambo yalikuwa mazito. Unajua vizuri jinsi mtu anavyojisikia wasichana waliovaa nguo za ndani wanapokimbizana na wazee katika bustani, huku shangazi yako ameketi kulia kwako. Nilianza kuichunguza dari. Kijana akajifanya anatafuta chaja.

"Mbona mmeinamisha vichwa?" aliuliza shangazi. "Mimi nimeosha watu uchi kwa miaka thelathini na minane. Tatizo si nguo. Tatizo ni kwamba mzee anakimbia, msichana anakimbia, na hakuna jipya."

Katika kipindi kingine Hill akajitokeza amevuta macho, amejifanya Mchina asiyeweza kutamka Kiingereza. Hapo shangazi akasimama, akauliza nani anataka chai. Kijana akafunga.

Yeye mwenyewe akachagua kinachofuata, nacho ni cha mwaka 1998, cha Goodness Gracious Me, mfululizo wa Waingereza wenye asili ya India. Kundi la marafiki wa Kihindi limetoka usiku kwenda kula "Kiingereza", kama Waingereza wanavyotoka usiku, wamelewa, kwenda kula Kihindi. Wanalipotosha jina la mhudumu Mzungu, wanamwagiza awaletee chakula kisicho na ladha kuliko vyote alivyo navyo. Shangazi alirudi na sinia, akasimama mlangoni hadi mwisho, chai ikipoa. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake, cha chini chini, kama mtu anayehesabu deni linalolipwa.

Na mwisho nikatoa nilichokuwa nimekiweka akiba, cha mfululizo wa Not the Nine O'Clock News, wa mwaka 1980. Ofisa wa polisi amemwita askari wake, Savage, amsomee mashitaka ambayo amekuwa akimfungulia mtu mmoja: kukanyaga nyufa za njia ya miguu, kuvaa shati la rangi kali usiku mahali penye makazi, kukojoa ndani ya choo cha umma. Ofisa anauliza, mbona mshitakiwa ni yule yule kila mara? Naye ni nani? Ni mtu mweusi. Ofisa anakasirika, anamkaripia askari kwa ubaguzi wake, kisha adhabu anayompa ni kumhamishia katika kikosi maalumu cha doria kilichokuwa kikilalamikiwa sana London wakati ule. Kumbuka mwaka: wakati huo ilikuwa ingali ikitumika sheria ya mwaka 1824 iliyomwezesha polisi kumkamata mtu kwa kumshuku tu, Aprili mwaka uliofuata mtaa wa Brixton uliwaka moto, na kifungu hicho kikafutwa mwaka huo huo wa 1981. Na ofisa yule mwenye maneno makali, ndugu msomaji, ni Rowan Atkinson, bubu wetu wa kwenye basi la Tanga.

Mimi nilicheka. Shangazi alitabasamu. Kijana hakucheka. Aliuliza, "Mjomba, hii ni ya lini?"

Nikamwambia.

"Nilidhani ni ya juzi," akasema. Kisha akaeleza, akimtazama bibi yake na si mimi, kwamba mwezi uliopita alisimamishwa barabarani akitoka mazoezini, akapekuliwa mfuko wake wa viatu, akaambiwa kwamba anafanana na mtu. Hakuwa amesema nyumbani. Shangazi aliweka kikombe chini. Alimwuliza saa ngapi, mtaa gani, walikuwa wangapi, walimgusa au hawakumgusa, kama muuguzi anavyouliza maumivu yalianza wapi. Akayaandika majibu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, pamoja na tarehe, akaitia bahasha katika droo.

Tulikaa bila kusema. Nilikuwa na orodha ya vichekesho vingine vitano, nikaikunja.

"Tuwekee yule mpiga piano," alisema shangazi.

Kijana akatafuta. Tulikitazama kwa mara ya tatu, na safari hii alianza kucheka kabla Morecambe hajaligusa piano.